Maji Aliyoyameza Mzee Mwandoe

Seva iliponiuliza, "Atakayezungumza ni nani?" niliandika bila kusita: Mwandoe, miaka themanini na mmoja, mkulima, Werugha. Iliponiambia, "Nipe saa tatu za picha zake nimjue," hapo ndipo nilipoharibu, ingawa siku hiyo nilijiona mjanja kupita kiasi.

Naitwa Mshai. Kazi yangu ni kufunga seva za kurusha picha mubashara, na nimeifanya miaka kumi na sita kutoka kiduka changu cha Wundanyi. Harusi, misiba, mahafali, chochote ambacho Wataita waliotawanyika duniani wanataka kukiona kikitokea nyumbani. Ni kazi rahisi kuliko ninavyowaambia wateja. Unakodi mashine katika wingu, na wingu lenyewe si wingu, ni jengo la watu lenye baridi kali. Langu liko huko Bonde la Ufa. Unafungua lango moja la kupokea picha na jingine la kuitoa. Unaipa kamera ufunguo, neno la siri refu lisilo na maana yoyote, ili jirani asije akarusha harusi yake juu ya msiba wako. Kisha seva inaikata picha vipande vya sekunde moja moja na kuvituma, na kule mwisho wa safari vinaungwa tena. Anayetazama anadhani anamwona mama yake, kumbe anaona vipande vya mama yake vilivyopangwa vizuri.

Mteja safari hii alikuwa Mkawasi, binti wa Mzee Mwandoe, mwalimu wa sekondari anayeongea kama mtu anayesahihisha daftari. Mtazamaji alikuwa mmoja tu: kaka yake Righa, aliyekuwa kwenye kituo kinachozunguka mwezi, akisubiri kupanda chombo cha kwenda mbali. Abiria wa chombo hicho hulazwa usingizi wa miaka kumi na mmoja. Righa angefungiwa chumbani mwake Jumamosi, saa saba kasorobo mchana kwa saa zetu, na baba yake alikuwa na miaka themanini na mmoja. Hesabu hiyo haikuhitaji seva.

"Amesema hawezi kulala," Mkawasi aliniambia, akiwa amesimama mlangoni kwangu na mwavuli unaochuruzika. "Hawezi kulala miaka kumi na mmoja na hasira ya Baba mwilini. Anataka Baba atase, na aone kwa macho yake. Asipoona, haingii. Miaka tisa ya mafunzo yote itakuwa kazi bure."

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Kwa mgeni nitasema hivi: mtu aliyemkasirikia mwenzake hujaza maji kinywani, akayapuliza nje kwa nguvu, akamtamkia mwenzake maneno mema, na hasira ikatoka na yale maji. Huko ndiko kutasa. Mzazi akikaa na hasira, inamtafuna mtoto popote alipo, hata mtoto awe na digrii tatu na viatu vya kutembelea mwezini.

"Na Mzee amekubali?" niliuliza.

"Mama amemkalisha wiki mbili. Amesema atajaribu."

Hasira yenyewe naijua, maana nilikuwapo ilipozaliwa. Miaka minne nyuma walimzika Maghanga, kifungua mimba wao. Righa alikuwa karantini ya mafunzo, hakuja. Alitazama mazishi kwenye kioo cha kompyuta. Mzee alisema mbele ya watu wote, "Huyu amemzika ndugu yake kama anayetazama mpira," na toka siku ile hakulitaja jina lake tena. Fundi wa mazishi yale nilikuwa mimi. Na kuna jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote katika nyumba ile: jeneza likiwa limening'inia kwenye kamba juu ya kaburi, ukungu uliukata mtandao na picha aliyokuwa akiitazama Righa ilisimama dakika ishirini nzima. Iliporudi, kaburi lilikuwa limekwisha kuwa tuta la udongo. Niliona aibu, nikanyamaza. Righa naye hakusema, na wakati ule sikujua kwa nini.

Ndiyo maana safari hii niliwasha kujaza.

Kujaza ni kitu cha kawaida siku hizi. Kipande kikipotea njiani, seva haimwachii mtazamaji shimo. Inatengeneza kipande ambacho kingekuwapo, kwa kufuata sauti ya mzungumzaji, mikono yake na mazoea yake. Inatumika kwenye masomo na mahubiri, na hakuna anayegundua. Mwisho wake ni sekunde mbili. Mimi niliupandisha mpaka sitini, mwisho kabisa wa kitufe. Nilijiambia kwamba safari hii hakuna kitu kitakachoning'inia kwenye kamba.

Zile saa tatu za kumjua Mzee nilizipata kwa Mkawasi. Alileta kila kilichokuwa kabatini: harusi tano, ubatizo, ufunguzi wa zahanati, mahafali ya wajukuu. Katika kila picha Mzee Mwandoe anasimama, anapewa kata ya maji, anapuliza, anabariki, watu wanapiga vigelegele. Ugomvi haukuwamo hata mmoja. Nani kwetu amewahi kumpiga picha baba yake akiwa amenuna? Sauti zikianza kupanda sebuleni, unaweka simu mfukoni kwa adabu na kujifanya unaangalia kuku.

Seva ilizinywa zile saa tatu kwa dakika moja. "Nimemjua," iliandika, na mimi nikafurahi.

*

Jumamosi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilifunga antena juu ya paa la Mzee, nikailenga kwenye mlingoti wa kilimani ambao sikuuona, ila nilijua uliko. Kamera niliiweka sebuleni juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Ilikuwa na taa ndogo: kijani, picha inakwenda; manjano, haiendi. Kamera pia huhifadhi nakala yake ndani, kwa usalama.

Mzee aliketi kwenye kiti chake cha mbao akiwa amevaa koti la kanisani. Mkewe, ambaye wote tunamwita Mama Maghanga hata sasa, alikuwa amechota maji ya chemchemi kwa sababu Mzee alikataa ya tangi.

"Haya yanapita wapi mpaka yamfikie?" Mzee aliniuliza.

"Yanakwenda kilimani, Mzee. Yanashuka Bonde la Ufa, yanapanda mwezini. Kila neno linachelewa sekunde moja na nusu kwenda, na moja na nusu kurudi."

"Hata alipokuwa akiishi hapa alikuwa akichelewa."

Mama Maghanga alimtupia jicho. Nikafungua mtiririko wa picha. Righa akatokea kwenye kioo cha televisheni ya ukutani, kichwa kimenyolewa, nguo nyeupe za karatasi, macho makubwa ya mtu ambaye hajala. Alisalimu kwa heshima zote. Mzee alijibu kwa mguno, ambao kwa miaka minne ndio ulikuwa mguno wa kwanza, na Mkawasi akaanza kulia papo hapo.

"Baba," Righa alisema, "sina la kujitetea. Naomba tu."

Mzee alipokea kata. Alijaza kinywa. Ilikuwa saa tano na dakika saba.

Taa ya kamera ikageuka manjano.

Niliiona. Ningeweza kusema, "Mzee, ngoja kidogo." Lakini mtu mwenye maji kinywani hakatizwi, hilo tumelelewa nalo, na ulimi wangu ulikataa kusogea. Kwenye kioo uso wa Righa ulikuwa umesimama, maana kwa picha yake sikuwasha kujaza, na kwa bahati mbaya ulisimama akiwa amegeuza macho pembeni, kama mtu aliyeitwa na mtu mwingine. Mzee alimtazama. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alingoja yale macho yarudi. Hayakurudi. Saa ya ukutani ililia pale sebuleni mpaka nikatamani kuivunja.

Kisha Mzee akayameza yale maji. Koo lake lilipanda na kushuka, taratibu, mbele yetu wote. Akairudisha kata mezani.

Mama Maghanga alijifunika uso kwa kanga. Mkawasi alisema, "Baba!" kwa sauti ya mtoto. Taa ikarudi kijani na Righa akaanza kutikisika tena kwenye kioo, na alikuwa akilia, lakini kilio cha furaha, kamasi na yote.

"Asante, Baba," alisema. "Asante. Asante sana."

Mzee aligeuka kwangu. "Anashukuru nini?"

"Nimeyasikia yote," Righa aliendelea. "'Nenda ukarudi, mlango ni wako.' Sikutegemea, Baba. Wallahi sikutegemea."

"Nani amesema hivyo?" Mzee aliuliza, akamtazama mkewe, akamtazama Mkawasi, kisha akaangalia nyuma ya kiti chake kama kwamba kuna mtu amejificha huko. "Nani amesema mlango ni wake?"

Mkawasi alikuwa mwepesi kuliko mimi. Tangu baba yake aliponigeukia alikuwa ameshanyoosha mkono na kuzima kipaza sauti. Righa hakusikia hata swali moja la baba yake. Alitupungia mkono, akasema wanamwita kwenda kusafishwa mishipa, atarudi saa sita na nusu kutuaga, na kioo kikabaki na nembo ya kituo.

Nilishajua kilichotokea. Kichwa kilikuwa bado kinabishana.

*

Nilifungua kumbukumbu ya seva hapo hapo. Iliandika hivi: *5:07. Vipande 38 vimepotea. Vipande 38 vimejazwa. Uhakika: asilimia 97.* Zile asilimia tatu zilizobaki zilikuwa zimeketi sebuleni na koti la kanisani.

Nikaziweka picha mbili pamoja kwenye tableti, ile ya kamera na ile ya seva. Zilikwenda sawa kabisa mpaka Mzee alipojaza kinywa. Baada ya hapo, kushoto Mzee alikaa akitokwa jasho, na kulia Mzee alisimama, akapuliza maji yakang'aa hewani, akanyoosha mkono na kusema kwa sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake mwenyewe katikati, "Nenda ukarudi, mwanangu, mlango ni wako." Hata kitambaa cha meza kililowa. Nilikigusa kitambaa cha kweli. Kilikuwa kikavu. Nilikigusa tena, maana nilikuwa siamini mkono wangu.

Mkawasi alinivuta barazani.

"Usimwambie," alisema.

"Mkawasi, hakutasa. Alimeza."

"Maneno ni ya Baba. Aliniambia mimi maneno hayo hayo siku ya harusi yangu."

"Alikuambia wewe. Hakumwambia Righa."

"Na kama angebaki nayo kinywani dakika moja zaidi? Unajua asingeyatoa?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Righa ameridhika, Mshai. Atalala. Ukimwambia, atashuka kwenye kile chombo, na hakuna kingine kwa miaka sita. Atarudi hapa kuketi na mzee asiyeongea naye. Hicho ndicho unachotaka?"

Sikuwa najua ninachotaka. Huo ndio ukweli wangu wa siku ile na siwezi kuupamba. Dakika moja niliona Mkawasi yuko sawa kabisa, na iliyofuata niliona tunamlaza mtu miaka kumi na mmoja ndani ya uongo nilioutengeneza mimi kwa kusogeza kitufe kutoka mbili hadi sitini. Mama Maghanga alitoka akasimama katikati yetu. Hakupandisha sauti.

"Mtoto mmoja nimemzika," aliniambia. "Huyu mwache alale amefurahi. Nakuomba kama mwanangu."

Niliinamisha kichwa. Lakini Mzee aliita kutoka ndani, kwa sauti ya kugonga meza.

"Fundi! Njoo unionyeshe alichokiona."

Nilimwonyesha. Hakuna aliyethubutu kunizuia. Aliitazama ile picha ya kulia akiwa ameishika tableti mbali, maana macho yake hayaoni karibu. Alijiona akisimama. Alijiona akipuliza. Aliposikia sauti yake, alirudi nyuma kidogo. Akaomba aione tena, na tena.

"Huyu ni mwema kuliko mimi," alisema mwishowe. "Amejifunza kwa nani?"

"Kwako, Mzee. Kwenye harusi."

"Kwenye harusi nilikuwa nimeshiba." Aliirudisha tableti mezani. "Mimi sikuyameza kwa ubaya. Nilikuwa nayatoa. Lakini alinigeuzia macho. Mtu anaomba msamaha huku anaangalia kwingine?"

Hapo nilitaka ardhi inimeze. "Hakukugeuzia macho, Mzee. Alitupa jicho pembeni mara moja tu. Picha ilisimama. Ni ukungu. Yeye alikuwa akikutazama muda wote."

Mzee aliyapanga hayo kichwani. Nilimwona akiyapanga, kidole kwa kidole, juu ya goti lake.

"Kwa hivyo yeye ameniona nikifanya nisichofanya," alisema, "na mimi nimemwona akifanya asichofanya."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hii ni mashine ya kutukutanisha."

Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

"Mimi siwezi kumwambia," alisema. "Mtu amekushukuru na machozi, utaanzaje kumwambia hukumpa kitu? Wewe ndiye uliyempa. Wewe umwambie, au wewe unyamaze. Usinitwike mimi."

*

Saa sita na nusu Righa alirudi kwenye kioo. Alikuwa na mirija miwili shingoni na mkono wa muuguzi ulionekana begani mwake. Mkawasi alikuwa amesimama karibu na kipaza sauti, kidole tayari. Nilijaribu kumsogeza kwa bega. Hakusogea. Nilimsukuma, kweli nilimsukuma mwalimu wa watu, nikakaa mbele ya kamera.

"Righa, ni Mshai, fundi. Baba yako hakutasa."

Nilisubiri zile sekunde tatu za kwenda na kurudi. Zikapita. Zikapita nyingine.

"Niliona," Righa alisema.

"Uliona kilichojazwa na seva. Mtandao ulikatika sekunde thelathini na nane. Mimi ndiye niliyeiruhusu ijaze. Baba yako alijaza maji kinywani, akakaa nayo, kisha akayameza. Nimeona kwa macho yangu. Nisamehe."

Nyuma yangu Mama Maghanga alisema jina la Mungu. Uso wa Righa ulitulia mpaka nikadhani picha imesimama tena, lakini taa ilikuwa kijani na mrija wa shingoni ulikuwa ukicheza.

"Alimeza," alisema.

"Alimeza."

"Nilishangaa, unajua? Nilijiuliza Baba amekuwa laini hivi tangu lini." Alicheka kidogo, cheko baya. "Yuko hapo?"

"Nipo," Mzee alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Basi, Baba, na mimi nikwambie kitu, kwa sababu leo ni siku ya kuambiana. Ulisema nilimzika Maghanga kama ninayetazama mpira. Baba, mimi sikumzika. Jeneza lilisimama hewani kwenye kamba. Picha iligoma. Nilikaa dakika ishirini nikilitazama lile jeneza limening'inia, na iliporudi mlikuwa mmemaliza. Kwangu mimi Maghanga hajafika chini mpaka leo. Nikilala namwona hapo kwenye kamba. Sikusema kwa sababu ungesema natafuta kisingizio."

Mzee hakunitazama. Aliuliza tu, akiwa ameelekeza uso kwenye kioo, "Fundi, ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee. Niliona aibu kusema."

Nilitegemea kutukanwa. Nilikuwa nimeshajiandaa kuyapokea matusi, hata yangenifariji. Mzee aliweka mikono yote miwili kwenye magoti, akainuka, na mkewe akamshika kiwiko.

"Leta maji," alisema.

Mama Maghanga alikimbia. Mwanamke wa miaka sabini na mitano, alikimbia. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika arobaini. Nje ukungu ulikuwa umeinywa migomba yote. Hata uzio haukuonekana. Nilijua kitakachotokea, na safari hii ulimi haukunigomea.

"Righa, nisikilize haraka. Ukungu ni mzito kuliko asubuhi. Nikiacha kujaza kuendelee, utaona kitu, lakini sitajua utaona nini. Nikizima, huenda usione chochote."

Sekunde tatu. Mkawasi alikuwa ananiumiza mkono kwa kucha.

"Zima, dada," Righa alisema.

Nikazima. Seva iliniuliza kama nina uhakika, nikajibu ndiyo, nadhani niliandika ndiyo mara mbili.

Mzee alijaza kinywa. Alisimama karibu kabisa na kamera, karibu kuliko nilivyomwelekeza, kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwanawe. Taa ikageuka manjano. Uso wa Righa ulisimama kwenye kioo, na safari hii ulisimama ukitutazama moja kwa moja.

"Mtandao umekatika," nilisema. "Mzee, hakuoni."

Alisikia. Najua alisikia, kwa sababu macho yake yalinigeukia mara moja. Kisha akarudi kwa mwanawe aliyeganda, akapuliza.

Maji yaliipiga kamera, yakanipiga mimi kifuani, yakakilowesha kile kitambaa cha kufuma. Yalikuwa mengi, sijui mdomo wa mzee yule uliyabebaje.

"Righa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne. "Nilikuwa na hasira na wewe. Hiyo hapo, imetoka, iko mezani. Sikujua kuhusu kamba. Ndugu yako alifika chini, nilimteremsha mimi mwenyewe kwa mikono hii, alifika vizuri. Sasa lala. Ukiamka usinitafute shambani, sitakuwapo. Lakini hasira haipo pia. Lala, baba."

Alimwita baba, vile tunavyowaita watoto wetu wa kiume tukiwapenda. Katika zile harusi tano hakulisema neno hilo hata mara moja. Seva isingelijua.

Taa ilibaki manjano. Saa saba kasorobo ikafika na kupita. Tulisimama wote wanne tukiutazama ule uso uliosimama, na hakuna aliyeketi. Ilipofika saa saba na dakika mbili taa ikageuka kijani, uso wa Righa ukapotea, na badala yake ukaja ujumbe wa muuguzi, maandishi matupu. *Abiria 14 amefungiwa 6:45. Picha kwake ilisimama baba akiwa na maji mashavuni. Tulimwuliza kama anataka kushuka. Alisema hapana, akaomba tuiache hiyo picha mbele yake mpaka mwisho.*

Niliusoma kwa sauti. Mkawasi alikaa chini sakafuni.

"Aliona nikiyatoa?" Mzee aliuliza.

Wanawake wawili walinitazama. Ningeweza kusema aliona. Ingekuwa neno moja tu, na mzee angekufa nalo.

"Hakuona, Mzee. Aliona umejaza tu."

"Na akaingia?"

"Akaingia."

Alikaa kwenye kiti chake taratibu. Alivua koti la kanisani, akalikunja, akaliweka juu ya magoti. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Akaingia," alisema tena, safari hii bila kuuliza.

Kamera ilikuwa na nakala yake, bila shimo hata moja. Niliitoa, nikaipakia kwenye seva, nikaandika tarehe ya kuifikisha: miaka kumi na mmoja kutoka leo, atakapofungua macho, kabla ya kitu kingine chochote. Seva iliikagua kama inavyokagua kila kitu. Kisha ikaniandikia kwamba picha ina kasoro: kuanzia pale mzungumzaji alipopuliza, kioo cha kamera kimejaa maji, uso hauonekani vizuri kwa sekunde ishirini na sita. Ikauliza kama iyaondoe.

Nikaandika: Yaache.